Nilivyompima Mama Mkubwa

Kuna harufu moja ya uji wa maziwa ya unga, ulioungua chini ya pipa, ambayo mpaka leo ikinipita puani natema mate. Wajukuu wangu wanadhani ni uzee. Si uzee, ni kinyaa, na ninayemwonea kinyaa ni mimi mwenyewe, nilivyokuwa nimesimama kando ya lile pipa, shati jeupe, kalamu mfukoni, rula mkononi, nikiwaambia watu wenye njaa kwamba hawana njaa.

Watu wa Isiolo wanaokumbuka wamebaki wachache. Wananisalimia vizuri msikitini, wananiuliza habari za magoti yangu, na hakuna anayegusa jambo lenyewe. Basi naliandika mwenyewe.

Nilimaliza kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya sabini. Aliyenisomesha ni Mama Mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa sijaanza kutembea, na mifugo yetu iliisha wakati wa vita vya Shifta, kwa hiyo Mama Mkubwa alinichukua hadi mjini akaanza kuuza maziwa. Kila alfajiri alipokea vibuyu kutoka kwa watu wa ngamia nje ya mji, akarudi navyo akitembea haraka kama mtu anayefukuzwa. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaa wetu. Nilipojenga nyumba yangu ya kwanza ya mbao na mabati, fremu ya mlango ilimgonga kwenye paji la uso siku ile ile alipokuja kuibariki. Akajishika kichwa akasema, "Umejenga nyumba ya mbuzi." Tangu hapo kila akiingia kwangu aliinama. Naomba msomaji akumbuke mlango huo, kwa sababu mimi niliusahau.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukarani wa mizani kwenye mnada wa mifugo. Ng'ombe walitoka Garbatulla, walitoka Oldonyiro, wengine wakitembea siku nyingi, nasi tuliwapitisha mmoja mmoja kwenye mizani kubwa ya chuma, mimi naandika kilo. Palikuwa na dalali mmoja mzee, mwembamba, ambaye hakuiamini mizani hata kidogo. Kabla ng'ombe hajapanda, yeye alikuwa ameshamshika pua, amemfungua mdomo, ametazama meno. Baadaye ndipo aliweka kiganja kiunoni, kwenye mbavu, chini ya mkia.

"Kwanza meno," alikuwa akisema. "Hii mizani yako, karani, inajua kilo. Kilo ya nani, haijui."

Nilimcheka. Lakini alinifundisha, nikitaka nisitake. Mtamba aliyekonda, mwenye meno mawili tu ya ukubwani, alimpiga mgongo akasema, "Huyu anakua. Nyama haijafika kwenye mifupa. Mpe mvua moja tu." Ng'ombe mkongwe, mwenye kilo zile zile kabisa, alimwachilia pua kwa huruma. "Huyu amekwisha. Unachopima ni tumbo na ngozi." Uzito mmoja, wanyama wawili, hukumu mbili. Na alinionyesha pia ujanja wa wauzaji: kumlambisha ng'ombe chumvi jioni, asubuhi anywe maji mpaka avimbe, kisha apandishwe kwenye mizani akiwa mzito. Nilipata sifa kwa kuwakamata. Nilibonyeza tumbo, nikatazama miguu, nikamrudisha mnyama nyuma ya mstari. "Uzito huu si wake," nilikuwa nikipiga kelele, na watu wakishangilia.

Niliyajua hayo yote kwa zaidi ya miaka kumi.

Kisha ukaja ukame wa katikati ya miaka ya themanini. Sitaueleza sana. Wale waliouona wanajua, na wale ambao hawakuuona watadhani nazidisha. Nitasema tu kwamba barabara ya kwenda Garbatulla ulikuwa unaweza kuifuata kwa pua. Mizoga ililala pande zote mbili, imefura, na fisi walikuwa wameshiba kiasi cha kuacha nyama. Mnada ulifungwa maana hapakuwa na cha kuuza isipokuwa ngozi, na ngozi zenyewe zilinuka. Mizani ilibaki imesimama uwanjani kama chuma chakavu. Nami nikabaki bila kazi.

Shirika moja la misaada likafungua kituo cha chakula pembeni mwa mji. Walitafuta mtu aliyesoma, anayejua lugha za hapa, na anayejua mizani. Nani mwingine? Walinipa shati na kalamu. Tulifundishwa kwa siku mbili darasani, tukiwa sita, na mgeni aliyetumwa kutoka Nairobi. Alituletea karatasi kubwa ngumu yenye mistari mitatu iliyosimama. Mstari wa kushoto ulikuwa wa uzito, wa kulia urefu. Unamweka mtu kwenye mizani, unamsimamisha kwenye ubao wa urefu, kisha unalaza rula kutoka namba moja hadi nyingine. Pale rula inapokata mstari wa katikati ndipo penye jibu. Mstari huo ulikuwa umepakwa rangi: nyekundu kwa aliyekonda vibaya, njano kwa aliyepungua, kijani kwa aliye sawa. Ndicho kitu hicho hicho vijana wa hospitali leo wanakiita BMI, wanakipata kwa simu. Sisi tulikipata kwa rula.

Nyekundu na njano walipata kadi ya chakula. Kijani walirudi nyumbani.

Sasa nifike kwenye ukweli. Chini kabisa ya karatasi ile kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Yalisema kwamba kipimo kile kimetengenezwa kwa watu wazima, kwamba kisitumike kwa watoto na vijana wanaokua, na kwamba kwa wazee lazima umri uangaliwe kwanza, maana mzee hupungua urefu na hupoteza nyama bila mizani kuonyesha. Yule mgeni aliyasoma kwa sauti. Mimi niliyasikia, na niliyasoma tena kwa macho yangu mwenyewe siku niliyoigongomea karatasi kwenye ubao. Ubao ulikuwa mfupi. Kipande cha chini kikazidi, kikawa kinapeperuka kwa upepo. Nikakikunja nyuma nikakipiga msumari.

Watu wanapenda kusema hawakujua. Mimi nilijua, nikakunja.

Kwenye daftari kulikuwa na safu ya umri. Hiyo nayo iliniudhi kuanzia siku ya kwanza. Wazee wetu hawana tarehe za kuzaliwa. Ukimuuliza mtu umri anakupa historia: alitahiriwa pamoja na nani, mvua gani ilikuwa imenyesha, ng'ombe walikuwa wakinywa kisima gani. Ukiwa na subira unaweza kuhesabu kutoka hapo ukapata miaka yake karibu sawasawa. Baba zetu walifanya hesabu hiyo kwa dakika moja. Mimi niliyesoma niliona ni kelele, na foleni ilikuwa ndefu. Nikawa naandika neno moja kwa kila mtu aliyepita urefu wa bega langu: mtu mzima. Kurasa kwa kurasa, mtu mzima, mtu mzima.

Matokeo yake yalikuwa ya kuchefua. Vijana wa uchungaji kutoka upande wa Oldonyiro, warefu, miguu mirefu kama ya korongo, wa miaka kumi na mitano au kumi na saba, walianguka kwenye nyekundu karibu wote. Ndivyo walivyo vijana wetu hata mwaka wa neema, mifupa inatangulia. Walicheka kwenye foleni. "Karani, nitazame vizuri, mimi ni kamba!" Walipata kadi, wakabeba unga wa mahindi ya njano, na kabla ya adhuhuri baadhi yao walikuwa wanauuza nyuma ya maduka. Nililijua hilo. Nilipita pale nikienda kula chakula changu cha mchana.

Na wazee, waliopinda, waliofupika, ambao mikono yao ilikuwa imebaki mshipa na ngozi, rula iliwaweka kijani. Mtu akipungua urefu, rula inapanda. Ni hesabu ya kitoto tu. Nilipata alama nzuri za hesabu shuleni.

Mjini nako kulikuwa na maneno. Walisema kituo kitajaa ndugu za karani. Hilo lilinichoma. Niliapa kwamba hakuna atakayeninyooshea kidole, na nikawa mkali kwa watu wa kwetu kuliko kwa wengine. Nilikuwa na msemo wangu, niliutunga mwenyewe, nikaurudia mpaka wenzangu wakachoka: "Karatasi haina shangazi."

Mama Mkubwa alikuja asubuhi moja ya Alhamisi. Alikuwa akiishi upande wa barabara ya Gotu, kwenye kibanda chake, karibu na yule dalali mzee, na mimi nilikuwa sijapita kwake kwa wiki nyingi. Nilijiambia kazi ni nyingi. Sikujiambia kwamba niliogopa kuonekana naingia kwake na mfuko. Hakutumia jina langu kuruka foleni. Alisimama jua lote mpaka zamu yake, debe tupu mkononi.

"Salaam aleikum, mwanangu."

"Aleikum salaam. Panda hapa, mama."

Nilimwita mama, kama nilivyomwita kila mwanamke wa foleni. Sikusema Mama Mkubwa. Alinitazama kidogo, akavua akala zake za tairi, akapanda mizani.

"Umri?" nikauliza, bila kuinua macho.

"Si unajua wewe. Wataliano walipoingia Moyale nilikuwa na watoto wawili, mmoja bado ananyonya, na mama yako alikuwa msichana wa kuchunga ndama. Kwa hiyo ukihesabu…"

"Mtu mzima," nikasema, nikaandika.

Nikamsogeza kwenye ubao wa urefu. Mgongo wake haukugusa ubao isipokuwa pale kwenye nundu.

"Simama wima."

"Nimesimama."

"Wima, mama. Unachelewesha watu."

"Mwanangu, hii ndiyo wima niliyobaki nayo."

Foleni ikacheka. Alikuwa na ulimi huo tangu zamani, wanunuzi wa maziwa walimjua kwa hilo. Nilishusha kibao kwenye kichwa chake nikasoma namba, nikalaza rula. Kijani. Ilikata sentimita chache tu juu ya njano, lakini kijani. Miguu yake ilikuwa imejaa kwenye vifundo, inang'aa, na mimi niliiona. Nakumbuka niliiona kwa sababu nilifikiri, angalau miguu ina nyama.

"Uko sawa," nikasema kwa sauti, ili wote wasikie kwamba karani hana shangazi. "Mwingine!"

Hakuondoka mara moja. "Niko sawa?"

"Kipimo kinasema uko sawa, mama. Umeshiba."

"Hicho kipimo kinasema nimekula nini?"

Safari hii watu wachache ndio waliocheka. Aliyekuwa nyuma yake ni kijana mmoja mchungaji, mrefu, shuka nyekundu begani, ambaye angeweza kumbeba ng'ombe. Nilimpima. Nyekundu. Nikamkatia kadi. Akaishika, akamtazama Mama Mkubwa, akanitazama mimi.

"Karani, umekosea. Mimi nimekuja kujaribu bahati tu. Huyu mama ndiye mwenye shida."

"Unataka kadi au hutaki?"

"Nasema mpe huyu…"

"Nyamaza, au nikufute."

Akaifumbata kadi. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na sita, na alikuwa ameona kwa jicho moja kile ambacho mimi nilikataa kukiona kwa macho mawili na rula. Mama Mkubwa aliokota debe lake. Alipopita kwenye kizingiti cha juu cha banda letu la kupimia, ambacho kilikuwa chini kama cha nyumba yangu, hakuinama. Alipita chini yake kichwa kikiwa juu kadiri alivyoweza, na nafasi ikabaki.

Niliona. Nikaita mwingine.

Siku zilizofuata sikwenda kumtazama. Nilikula, nililala, nilikuwa na hasira na watu bila sababu. Wiki ya pili, asubuhi, niliona mkokoteni wa punda ukiingia uani, na dalali mzee akitembea mbele ameshika kamba. Nyuma kulikuwa na gunia limetandikwa, na juu ya gunia Mama Mkubwa ameketi akiwa amejifunika ushungi mpaka puani.

"Karani," dalali aliita, na foleni nzima ikageuka. "Njoo nikuonyeshe ng'ombe."

"Mzee, hapa si mnadani."

"Njoo."

Nikaenda. Aliomba radhi kwa Mama Mkubwa, akainua pindo la gauni lake hadi chini ya goti, akabonyeza muundi kwa kidole gumba, akahesabu polepole mpaka tano, akaondoa. Shimo likabaki. Lilikaa pale kama alama ya kidole kwenye ugali, halijai.

"Hii ni nini?"

Nikarekebisha kalamu mfukoni.

"Nakuuliza wewe karani wa mizani. Ng'ombe akilambishwa chumvi, akijaa maji, akipanda mizani, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Namrudisha."

"Kwa nini unamrudisha?"

"Uzito si wake."

"Na huyu, uzito ni wa nani?"

Niliweza kusikia uji ukichemka kwenye pipa.

"Meno yake uliangalia?" dalali akaendelea. "Miaka yote ile mnadani nimekuambia nini? Kwanza nini?"

"Acheni meno yangu," Mama Mkubwa akasema kutoka ndani ya ushungi, sauti nyembamba kama uzi. "Msijisumbue kunifungua mdomo. Hayapo."

Sista, muuguzi wa kituo, alitoka. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka upande wa Meru, si mtu wa maneno mengi. Alikuwa akishughulika na watoto kwenye banda la pili na alikuwa ameniachia watu wazima kwa kuniamini. Alimgusa Mama Mkubwa kwenye mkono wa juu, akazungusha vidole vyake viwili, navyo vikakutana bila taabu. Kisha akaenda kwenye ubao wangu. Alitazama karatasi kwa muda, akaona pale chini pamekunjwa, akang'oa msumari kwa kucha, akakunjua. Alisoma yote.

"Nani alikunja hapa?"

"Mimi, sista."

"Ulikuwa umesoma?"

"Nilikuwa nimesoma."

Nilitamani anitukane. Alichukua utepe wa kupimia, akanyoosha mkono wa Mama Mkubwa pembeni, akapima kutoka kwenye kishimo cha shingo hadi ncha ya kidole cha kati, akazidisha mara mbili. "Mgongo hupinda," alisema, akisema na daftari, si nami. "Mkono unabaki. Huu ndio urefu wake." Namba aliyoandika ilikuwa urefu wa mwanamke aliyegonga paji la uso kwenye mlango wangu. Kisha akanikabidhi rula nilaze mwenyewe. Nililaza kwa urefu ule, na uzito ule ule wenye maji. Ilianguka kwenye nyekundu. Sista akasema, "Sasa toa maji." Hapakuwa na haja ya kutoa. Nilikuwa nimeshaona.

Walimlaza. Kwa siku kadhaa walimpa maziwa kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, na maji yakaanza kutoka mwilini. Hapo ndipo tulipomwona alivyokuwa. Sitaeleza sana, ni mama yangu. Miguu niliyodhani ina nyama ilikuwa vijiti viwili. Ngozi ya mapaja ilining'inia kama ya mbuzi aliyechunwa nusu. Nilisimama mlangoni nikiwa na kalamu mfukoni, nikatoka, nikatapika nyuma ya matenki ya maji ya kituo, ambako vijana wa foleni walikuwa wakinywa. Niliyaonea kinyaa matapishi yenyewe, kwa sababu yalikuwa na wali.

Mama Mkubwa hakufa. Lakini daftari lilikuwa mezani, na lilikuwa na kurasa nyingi. Sista alinikalisha nalo siku nzima. Nilipitia majina, nikakumbuka nyuso, na kila nilipokumbuka uso wa mzee kwenye mstari wa kijani niliandika upya pembeni. Kisha tulikwenda kuwatafuta, mimi na dalali na mkokoteni. Wengine tuliwapata wakakubali kurudi. Wengine walikataa, wakasema hawana nguvu ya kufanyiwa mchezo mara mbili. Upande wa Gotu tulifika kwenye kibanda cha mzee mmoja ambaye nilikuwa nimemwambia hongera, yuko imara. Mlango ulikuwa umezibwa kwa miiba kwa nje, kama watu wanavyofanya nyumba ikibaki tupu. Jirani, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alituambia alizikwa Jumamosi. Alisema akiwa anachekecha unga, bila kututazama. Unga ulikuwa wa njano.

"Ulimjua?" akauliza.

"Nilimpima," nikasema.

Sikufukuzwa kazi. Hilo nalo ni la kuchukiza. Wakubwa waliandika ripoti, wakaweka utaratibu mpya, wazee wapimwe mkono, vijana wapimwe kwa jedwali lao, umri uulizwe mpaka upatikane. Nikabaki karani. Nilikaa na kila mzee nikasikiliza kisima gani na mvua gani, nikahesabu. Ilichukua dakika moja tu kwa kila mtu, kama walivyofanya baba zetu. Dakika moja.

Mvua iliporudi, Mama Mkubwa alirudi kwenye kibanda chake. Hakunichukia. Ingekuwa rahisi zaidi. Aliniita mwanangu, aliniombea dua, aliwapakata wanangu. Lakini chakula kutoka mkononi mwangu hakula tena. Mara ya kwanza nilimpelekea maziwa ya ngamia, kibuyu kizima, mazito. Alikipokea, akakinusa, akanirudishia.

"Mimi nimeshiba," alisema. "Si uliandika?"

Nilidhani ni utani na kwa sehemu ulikuwa utani, maana alikuwa akicheka. Nilirudi na sukari, na majani, na mchele. Nimeshiba. Sikukuu ya Idd nyumbani kwangu alikaa na wanawake, akala sahani aliyopewa na mke wangu, na mimi nilipomsogezea kipande cha nyama kwa mkono wangu mwenyewe alikiweka pembeni taratibu, akapangusa vidole. "Karatasi haina shangazi," akamwambia mke wangu, na wote wakacheka, kwa sababu hawakujua msemo huo ulitoka wapi. Kumbe alikuwa ameusikia. Foleni nzima ilikuwa imeusikia.

Nilijaribu kwa miaka. Nilimwomba msamaha nikiwa peke yangu naye, na mbele ya dalali, na mbele ya shehe. Alisema amesamehe siku nyingi. "Lakini tumbo halijui kusamehe, mwanangu. Ukinipa kitu, linafunga. Siyo mimi."

Mimi sasa nina umri aliokuwa nao, au nimeupita. Mwezi uliopita kijana wa kliniki, mpole, mwenye adabu, alinipima akabonyeza simu yake akasema, "Mzee, BMI yako iko sawa kabisa." Nikamuuliza urefu wangu ni ngapi. Akanitajia. Nilipokuwa kidato cha nne nilikuwa nimezidi hapo kwa upana wa vidole vinne, na mikono ya mashati yangu ya zamani bado inanitosha ingawa mabega yanayumba ndani. Nilimwomba apime mkono. Alitabasamu kama nilivyokuwa nikitabasamu mimi. "Hakuna haja, mzee, mashine imeshasema." Sikugombana naye. Ningegombana na nani?

Mama Mkubwa alifariki mwishoni mwa ile miaka ya themanini, mchana, akiwa amekaa nje ya kibanda chake. Alikuwa amekataa uji wangu asubuhi ile na kula wa jirani. Walinituma dukani kununua sanda. Mwenye duka, mkasi mkononi, akaniuliza maiti ni mtu wa urefu gani. Wanaume waliokuwa nami walisema, kata fupi, mzee alikuwa ameshapungua, amekuwa kama mtoto.

Nikasema hapana. Nikanyoosha mkono wangu hadi kwenye fremu ya mlango wa duka, juu, nikamwonyesha.

Wanawake waliomwosha walituma mtu kusema kitambaa kimezidi mno. Nikawajibu wasikikate. Walikikunja mara mbili chini ya miguu yake, wakafunga.